Laktati, mwendo mwepesi na hesabu ya asali

Wakimbiaji wa hapa Tabora wakijua kazi yangu, swali la kwanza huwa: "Mwalimu, pumzi yangu ina ukubwa gani?" Wameona video za watu waliovaa barakoa juu ya mashine ya kukimbilia, nao wanataka namba yao. Kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni ni kipimo halali, ila hakinisaidii sana kupanga mazoezi ya wiki ijayo. Wawili wanaweza kulingana kwenye namba hiyo, na bado mmoja akamwacha mwenzake mbali kwenye kilomita 42. Mimi napima laktati iliyomo kwenye damu.

Laktati imesingiziwa mengi. Si sumu, na maumivu ya miguu ya kesho yake hayatokani nayo. Misuli huizalisha inapovunja sukari, kisha moyo na misuli mingine huitumia kupata nguvu. Ninachotafuta ni mwendo ambao laktati inazalishwa haraka kuliko inavyotumika. Aliyepumzika huwa na milimoli 1 hivi kwa lita ya damu. Kwa wengi, karibu na 2 ndipo wepesi unapoishia, na karibu na 4 ndipo muda wa kuhimili mwendo unaanza kuhesabika. Hayo ni makadirio tu. Kila mtu ana mchoro wake wa laktati inavyopanda kadiri kasi inavyoongezeka.

Tunapima uwanjani, asubuhi kabla jua halijakaza. Unakimbia dakika 4 au 5 kwa mwendo mmoja, unasimama, natoboa kidole au ncha ya sikio, unaongeza kasi, tunarudia. Kinachoharibu majibu zaidi ni jasho, kwa sababu nalo lina laktati, tena nyingi kuliko damu. Likigusa tone la damu, mashine ya kupimia inaweza kusoma 6 kwa mtu ambaye bado anapiga soga. Kwa hiyo nafuta kwa spiriti, nakausha, nafuta tone la kwanza na kuchukua la pili, bila kukamua kidole. (Stripu zinazopokea tone hilo si bei ya maandazi, ndiyo maana nakuwa mkali.)

Na usije umejinyima chakula. Glaikojeni, yaani akiba ya wanga mwilini, ikiwa imeisha, laktati hushuka, mchoro unapendeza, nawe unaondoka ukidhani umeimarika. Siku moja kabla pumzika, kula ugali wako kama kawaida.

Jibu ninalotoa mara nyingi haliwafurahishi watu: mbio zako nyepesi si nyepesi. Vijana wakitoka kundi, hakuna anayetaka kubaki nyuma, basi zoezi la kujenga msingi linafanyika laktati ikiwa kwenye 3, juu ya ile 2 ya wepesi. Nikimwambia mtu apunguze, ananitazama kama nimemtukana.

Mwendo ndio unaoamua pia utakula nini njiani. Kadiri unavyokaza, ndivyo mwili unavyoacha mafuta na kuchoma wanga, na akiba ya misuli na ini kwa kawaida ni gramu 400 hadi 500 hivi. Alphonce Simbu, wa jirani zetu Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, wa pili akiandikiwa muda huohuo. Mbio zikiamuliwa hivyo, aliyebakiwa na wanga ndiye mwenye cha kukimbilia.

Kwa mbio za saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Mbio zikizidi muda huo unaweza kufika 90, mradi uchanganye glukosi na fruktosi, maana utumbo huzipitisha kwa milango tofauti. Asali yetu ya miombo inazo zote mbili. Kijiko kikubwa ni kama gramu 20, wanga ndani yake 17. Kijiko kila dakika 20 kinakupa 50 hivi kwa saa. Wapo ambao fruktosi huwachafua tumbo. Hao nawapunguzia asali nusu na kuongeza uji mwepesi wa mahindi uliochujwa, ambao wanga wake huishia kuwa glukosi. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nayapenda sana, lakini yana nyuzinyuzi. Uyale siku mbili kabla, si asubuhi ya mbio.

Maji nayo yana hesabu yake, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Jipime kabla na baada ya mbio ndefu, ukiwa umejifuta jasho. Kilo zilizopungua, jumlisha lita ulizokunywa, ndilo jasho lako. Si lazima ulirudishe lote ukiwa njiani. Ila ukikuta uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Chumvi ya damu ikizimuliwa, mtu anaweza kuzimia.