Shule ikiwa na jina ndio basi?

Huku Kisumu mpaka Kakamega wazazi wengi wanaamini shule ikishapata jina basi ni nzuri, mtoto akiingia tu gredi zitakuja. Imani hiyo haijatoka hewani, ziko shule zimefanya vizuri miaka na miaka. Lakini jina linajengwa na watu, na hao watu wanahama, prinsipo anapelekwa kaunti ingine, mwalimu wa hesabu anastaafu, jina linabaki tu pale getini. Tena wastani wa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, ni kazi ya miaka 4, kwa hivyo prinsipo aliyeripoti juzi kumpa sifa zote ama lawama zote si haki kabisa. Na shule ikichukua watoto wa alama za chini ikawatoa na C+, yaani pointi 7 kati ya 12, hapo walimu wamechapa kazi kubwa hata kama hawasikiki.

Ukitaka kujua mwenyewe, omba mtoto anayesoma huko akuonyeshe daftari la kemia. Angalia tarehe za kusahihisha, ziko karibu karibu ama mwezi mzima hakuna wino mwekundu, na pale alipokosea mwalimu ameandika kitu ama amekata tu? Uliza pia walimu wangapi wamehama karibuni na mwalimu asipokuja nani hushika darasa.