Je, wajua kwa nini sigara ya kwanza asubuhi ndiyo tamu kuliko zote?

Muulize mvutaji yeyote: sigara inayovutwa kabla ya chai ndiyo yenyewe. Ya kumi na tano, jioni, huvutwa kwa sababu tu mkono umeshazoea. Paketi ni ile ile, nikotini ni ile ile. Kilichobadilika ni ubongo, na badiliko hilo wanasayansi wamelitungia modeli za kompyuta: milinganyo inayoiga seli za neva, inayoendeshwa kwenye programu ili waone itazaa nini.

Kompyuta inahitajika kwa sababu vipimo vina mapengo. Waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya husikiliza seli moja moja, picha za skana huonyesha eneo zima, na katikati hapo modeli ndiyo inayounganisha.

Tuanze na kipokezi, sehemu ya seli ya neva inayopokea ujumbe wa kemikali. Ni protini ya vipande 5 vilivyozunguka tundu, na mwenyeji wake halali ni asetilikolini, kemikali ya mwili wenyewe. Asetilikolini ikinasa, tundu hufunguka, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) huingia, seli husisimka. Kisha kimeng'enya huivunja ndani ya milisekunde chache. Nikotini hufungua tundu lile lile, ila kimeng'enya hicho hakiiwezi. Inabaki imeganda pale, na kipokezi kilichoshikwa muda mrefu hulala: kimeshikwa, lakini tundu limefungwa.

Kwenye programu, kila aina ya kipokezi hupewa namba mbili kati ya 0 na 1. Moja ni ya kufunguka, hubadilika kwa milisekunde. Nyingine ni ya kuwa macho, huenda taratibu, kwa sekunde hadi dakika. Zizidishe, upate nguvu ya msisimko. Ikiwa mojawapo ni 0, hakuna kitu.

Sasa piga hesabu ya usiku. Nikotini iliyo damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ukilala saa 8 inagawanywa mara nne: inabaki 1/16. Vipokezi huamka, na mvutaji wa siku nyingi anavyo vingi kuliko asiyevuta. Hiyo ndiyo arosto ya alfajiri, na ndiyo siri ya ule utamu. Vipimo vya skana vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kuwa kuvuta moshi mara 1 au 2 tu hushika nusu ya vipokezi vya aina ya alfa4beta2 kwa takriban saa 3. Sigara nzima hushika zaidi ya 88%. Kwa hiyo sigara nyingi za mchana hukuta vipokezi vimelala.

Hapo pana fumbo. Vikilala, mbona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi na hamu, hupanda? Katika ubongo wa kati, seli za dopamini zina breki: seli za GABA (kemikali inayotuliza seli nyingine), ambazo nazo zina vipokezi hivyo hivyo na kwa kawaida husukumwa na asetilikolini. Nikotini huzisisimua kidogo, kisha vipokezi vyake hulala, breki inalegea, dopamini inatiririka. Modeli iliyochapishwa mwaka 2013 na watafiti Graupner, Maex na Gutkin ilionyesha sharti lake: njia hiyo hufanya kazi pale tu asetilikolini inapoendelea kutiririka. Kwenye kipande cha ubongo kilichokatwa na kuwekwa maabara mtiririko huo umekatika, ndiyo maana majibu ya maabara na ya mnyama mzima yalikuwa hayalingani.

Dopamini nayo ni mwalimu. Hubeba tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Jaribu mwenyewe: thamani mpya = thamani ya zamani + 0.1 × tofauti. Chai yenye thamani 1 huanza na tofauti ya 1, kisha 0.9, kisha 0.81, baada ya vikombe 30 imebaki 0.04 hivi. Umeizoea, somo limekwisha. Mwaka 2004 mtafiti David Redish alipendekeza kwamba dawa za kulevya huongeza dopamini isiyofutika hata ukiitarajia. Tuseme ni 0.2: kila sigara inaongeza angalau 0.02. Sigara 20 kwa siku, siku 30, thamani imefika 12 au zaidi, na bado inapanda.

Hesabu nzuri, lakini ina kasoro. Haina dari, na panya waliojaribiwa kwa kokeini hawakujifunza kama ilivyotabiri: taa mpya iliyoongezwa kando ya ishara waliyoizoea hawakuijali sana, wakati modeli ilisema wangeithamini.

Dhana ya watafiti Gutkin, Dehaene na Changeux, ya mwaka 2006, inanivutia zaidi. Kwao dopamini pia hufungua mlango wa kujifunza. Uvutaji wa muda mrefu huamsha nguvu pinzani inayoishusha dopamini ya kawaida. Nikotini ikikatwa, dopamini huanguka chini ya kiwango kinachohitajika ili ubongo uandike jambo jipya, na mlango unafungwa. Tabia iliyoandikwa haifutiki kwa sababu kifutio nacho kinahitaji dopamini. Kwenye modeli unaweza kuweka nikotini 0, na bado programu ikaendelea kuchagua kuwasha sigara.