Teksi isiyo na dereva ikipata ajali, nani anashuka kuchungulia?

Unaita teksi kwa simu, inafika, unafungua mlango na kukaa. Kiti cha dereva ni kitupu, usukani unazunguka wenyewe. Phoenix, Marekani, kampuni ya Waymo iliwafungulia watu wote safari hizi Oktoba 2020. San Francisco ikafuata Juni 2024, Los Angeles Novemba. China nako kampuni ya Baidu inabeba abiria katika jiji la Wuhan.

Gari huona kwa kamera, rada na lida, yaani kifaa kinachopima umbali kwa miale ya leza, na huzunguka katika eneo lililochorwa ramani kwa kina. Likitatizika, huuliza mtu aliye katika kituo cha kampuni.

Sisi wa usalama barabarani hatuulizi tu kama gari linajua kuendesha. Tunauliza linafanya nini likishagonga.

Agosti 2023, jimbo la California liliwaruhusu Waymo na kampuni nyingine ya teksi hizi, Cruise, kutoza nauli San Francisco usiku na mchana. Oktoba 2, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na kumrusha mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Hilo likafunga breki, likamgonga, likasimama. Dereva yeyote hapo angeshuka kuchungulia chini. Gari lile likaona limegongwa ubavuni, na kwa ajali ya namna hiyo lilikuwa limepangiwa kusogea kando ya barabara. Likasogea, mwanamke akiwa chini yake. Lilimburuta takriban mita 6.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuja baadaye. Habari ya kuburutwa haikuwekwa wazi mbele ya mamlaka tangu mwanzo. Oktoba 24 kibali cha Cruise kikasimamishwa. Novemba 2024 Cruise ilikiri kutoa ripoti ya uongo, ikakubali faini ya dola 500,000. Mwezi uliofuata General Motors, mmiliki wake, ikaacha kugharamia teksi hizo.

Kwa hiyo mamlaka ya kwenu ikiwaita kutoa maoni kuhusu huduma hii, ulizeni kama video ya kila ajali itakabidhiwa nzima, ndani ya siku ngapi, na nani anaweza kusimamisha kibali. Waulizeni pia zimamoto kama wamefundishwa kulizima gari hilo na kulizuia lisisogee mtu akiwa amenasa chini yake.