Oda Moja, Mizigo Miwili: Jinsi ya Kujenga Huduma ya Ujumbe Ndani ya Programu ya Simu

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anafungua programu ya msambazaji wake, anaandika "Niletee mifuko 20 ya saruji" na kubonyeza kutuma. Mtandao unakatika. Anaona kiduara kinazunguka, anasubiri kidogo, anabonyeza tena. Mtandao unaporudi, kwa msambazaji zimeingia oda mbili, na kesho yake lori linashusha mifuko 40. Kati ya wawili hao hakuna aliyekosea. Kosa ni la mtengenezaji wa programu, nasi tunaowafundisha watengenezaji chipukizi tunaliona mara kwa mara, kwa sababu wengi wao huanza na rangi za viputo na emoji kabla ya kujiuliza ujumbe unasafiri vipi.

Tuangalie kilichotokea. Ujumbe wa kwanza ulifika kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayopokea na kupeleka ujumbe, na ukahifadhiwa. Kilichopotea njiani ni jibu la seva. Simu haina namna ya kutofautisha ujumbe ambao haukufika na ujumbe uliofika lakini jibu lake likapotea, kwani hali zote mbili huonekana kama kimya. Ikinyamaza, oda inaweza kupotea. Ikituma tena, inaweza kuwa mbili.

Dawa yake ni ujumbe kupewa namba ya utambulisho na simu yenyewe, mara tu mtumiaji anapobonyeza kutuma, na kuandikwa kwanza kwenye hifadhi ya simu kabla haujatoka. Namba ya aina ya UUID, yaani namba ndefu yenye biti 128 isiyotarajiwa kujirudia, inatosha kabisa kwa kazi hii. Kila simu inapojaribu tena, inatuma namba ileile, na seva iliyokwisha kuiona haihifadhi mara ya pili bali inajibu tu kwamba imeshapokea. Namba inayotolewa na seva baada ya ujumbe kufika haisaidii hapa, kwa kuwa kila ufikaji ungepata namba yake mpya. Vilevile, kioo kiseme kweli: tiki moja ionekane baada ya seva kuthibitisha, tiki mbili baada ya simu ya mpokeaji kuthibitisha, na kabla ya hapo mtumiaji aone wazi kwamba ujumbe wake bado unasubiri, ili asishawishike kuuandika upya.

Mpangilio wa ujumbe usitegemee saa ya simu, maana saa za simu hukosea, na jibu linaweza kuonekana juu ya swali lake. Seva itoe namba za mfululizo kwa kila mazungumzo. Simu iliyokuwa nje ya mtandao ikiwa imeishia ujumbe wa 57, ikirudi iombe kila kilichofuata baada ya 57. Muda wenyewe uhifadhiwe kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, kisha simu iuonyeshe kwa saa za mahali. Kwa Afrika Mashariki ni kuongeza saa 3.

Arifa nayo ichukuliwe kama hodi tu, mzigo usipitishwe humo. Huduma za arifa za Apple na Google hazitoi hakikisho kwamba kila arifa itafika, na ujazo wake kwa kawaida hauzidi baiti 4,096. Isitoshe, arifa huonekana hata simu ikiwa imefungwa. Kliniki inayoandika majibu ya kipimo ndani ya arifa inamsomea kila aliyeketi karibu na mgonjwa. Ingetosha kuandika "Una ujumbe mpya". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kuhusu usimbaji, yaani kugeuza ujumbe kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, TLS, itifaki ya usalama wa mtandao, hulinda ujumbe kati ya simu na seva, lakini mwenye seva bado anaweza kuusoma. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, unaofunguliwa na simu za wanaozungumza tu, ambao WhatsApp ilikamilisha kuueneza kwa watumiaji wake wote Aprili 2016 kwa kutumia itifaki ya Signal, humzuia hata yeye. Anayeuhitaji atumie maktaba ya programu (msimbo ulioandikwa tayari) iliyokwisha kukaguliwa na wataalamu, wala asijitungie ya kwake.

Kabla ya kuiachia programu kwa umma, chukua simu mbili. Katika moja, rudisha saa nyuma kwa siku nzima, tuma ujumbe, zima data papo hapo, funga programu, kisha washa tena. Halafu hesabu, kwenye simu ya pili, umeingia mara ngapi na umekaa mahali gani.