Kwa nini mwani huzidi kuota kwenye akwaria ya maji ya chumvi ilhali kipimo kinasoma sifuri?

Mfugaji wa samaki wa mapambo akiona nyuzi za kijani zimefunika mawe ya akwaria yake, kwa kawaida hukimbilia kupima maji. Hutia matone ya dawa katika kichupa, husubiri, hulinganisha rangi na kadi, na kipimo humwonyesha kwamba naitreti na fosfeti, ambazo ndizo chakula kikuu cha mwani, hazipo kabisa. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba tatizo ni taa, wakapunguza saa za mwanga, na baada ya wiki mbili nyuzi zikawa palepale. Sababu ni kwamba kipimo husoma kile tu kilichobaki majini, nacho ni kidogo kwa kuwa sehemu kubwa imekwisha kuingia ndani ya mwani wenyewe. Kwa hiyo sifuri pamoja na mwani mwingi ni dalili ya virutubisho vingi vinavyoliwa haraka kadiri vinavyotokea.

Vinatokea wapi? Hasa kwenye mkono unaolisha. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya takriban asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 1 hubeba miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikigeuka fosfeti huwa kama miligramu 30. Katika akwaria ya lita 200, hiyo ni miligramu 0.15 kwa kila lita, kutokana na gramu moja tu, wakati maji ya bahari kwenye miamba ya matumbawe kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 0.05. Samaki hubakiza sehemu ndogo mwilini, na iliyosalia hutoka kama kinyesi na mkojo. Amonia inayotoka pamoja nayo hugeuzwa na bakteria kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hapo husimama, kwa sababu katika akwaria nyingi hakuna sehemu ya kutosha isiyo na oksijeni ambako bakteria wengine wangeigeuza kuwa gesi.

Fosfeti ina tabia nyingine ambayo wafugaji wengi hawaifikirii. Mawe na mchanga wa akwaria ya bahari ni kalsiamu kaboneti, na fosfeti hunata juu ya madini hayo. Maji yakiwa na fosfeti nyingi, mawe huipokea. Maji yakisafishwa, mawe huanza kuirudisha kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha maji, akaweka chembechembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, akaona kipimo kimeshuka, na bado nyuzi zikaendelea kuota kwa miezi, kwani zimejishikiza juu ya ghala lenyewe. Anayejua jambo hili hataihukumu njia yake kuwa imeshindwa baada ya wiki moja.

Kwa sababu hiyo, kuua mwani kwa dawa au kwa giza la siku tatu bila kuutoa ni kazi nusu. Mwani uliokufa huoza, hupunguza oksijeni, na hurudisha majini kila kitu ulichokuwa umekishika. Njia iliyo bora, ingawa inachosha, ni kuung'oa kwa mkono. Ikiwezekana jiwe litolewe na kusuguliwa katika ndoo ya maji ya chumvi. Lisipotoka, mpira mwembamba wa kunyonyea maji ufungwe kando ya mswaki, nyuzi zizungushwe kwenye mswaki hadi zing'oke na shina lake, na mpira uwe unavuta wakati huohuo. Ukisugua bila kuvuta utaona wingu la kijani likitawanyika, na kila kipande kidogo kitakachotua mahali penye mwanga kinaweza kuanza upya.

Baharini kazi hii hufanywa na walaji. Katika miaka ya 1983 na 1984 ugonjwa uliua karibu wote wa Diadema antillarum, mnyama wa miiba mirefu myeusi anayekula mwani katika miamba ya Karibi. Nchini Jamaika, ambako samaki walaji mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, matumbawe yaliyokuwa yamefunika karibu nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalibaki chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ukachukua nafasi. Akwaria isiyo na walaji iko katika hali hiyohiyo. Konokono wa jenasi za Turbo na Trochus wanafaa hata kwenye tangi dogo. Samaki kama kangaja na tasi hula sana, lakini wanahitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na kumweka tasi katika lita 200 ni kumtesa. Walaji nao hawaondoi virutubisho, bali hugeuza mwani kuwa kinyesi, hivyo lazima mtambo wa povu, unaonasa uchafu kwa viputo na kuutoa majini, ambao wafugaji huuita skima, uwe unafanya kazi yake.

Kabla ya hayo yote ni vizuri kuhakikisha kwamba kilichoota ni mwani wa nyuzi. Utando wa kahawia unaojitokeza wiki za mwanzo ni diatomu, yaani mwani wa seli moja, ambazo hujenga maganda kwa silika, madini yaliyoyeyuka majini, na kwa kawaida hupungua zenyewe silika ikiisha. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, na hupenda mahali ambapo maji hayazunguki vizuri. Wa kuogopwa zaidi ni dinoflajelati, viumbe vya seli moja vinavyoonekana kama kamasi ya kahawia yenye viputo inayofifia usiku na kurudi mchana, na aghalabu hushamiri naitreti na fosfeti zinapokwisha kabisa. Aliye na hao akizidi kusafisha maji huzidisha tatizo, na baadhi ya spishi zao zina sumu inayoua konokono. Kwa maoni yangu, fosfeti ya kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita ni salama kuliko kukimbizana na sifuri.

Maji ya kuongezea nayo yasisahauliwe. Akwaria inayopoteza lita 2 kwa siku kwa mvuke huongezewa lita 200 katika siku 100, na silika, naitreti na fosfeti zilizomo katika maji ya bomba au kisima hubaki ndani. Maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume, yaani kwa kusukumwa kupita utando unaozuia chumvi na madini, ndiyo yanayofaa. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaochota maji ya bahari wayachote mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, hasa wakati wa masika.

Njia moja huutumia mwani dhidi ya mwani. Chetomofa, mwani wa nyuzi ngumu usiojishikiza, hufugwa katika chumba cha pembeni chenye taa inayowaka usiku, kisha sehemu yake huvunwa kila baada ya wiki chache, na virutubisho hutoka pamoja nayo. Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, aliendeleza wazo la namna hii kwa kutumia zulia la mwani lililopitiwa na maji. Mavuno hayo yasitupwe kamwe baharini wala mferejini: mwani wa Caulerpa taxifolia, uliokuwa ukifugwa katika akwaria, ulionekana baharini mwaka 1984 chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ukaenea katika Mediterania, na ulipotokea California mwaka 2000 ilichukua hadi 2006 kutangazwa kwamba umetokomezwa. Mwani uliovunwa uanikwe juani mpaka ukauke kabisa, kisha utupwe pamoja na taka za nyumbani.