Kwa nini hadithi iliyokatwa katikati hukulainisha kabla hujajua unauziwa nini?

Ukipanda basi asubuhi stendi ya Nanenane, Mbeya, kwenda Makambako au Iringa, usishangae gari likishapita Uyole akasimama mtu katikati ya viti, begi begani, akiomba dakika chache za abiria. Dawa haitaji. Anaanza na mzee mmoja wa Tukuyu aliyevimba miguu hadi viatu vikagoma, wanawe wakaanza kunong'onezana atazikwa wapi. Siku moja mzee akamwita kitinda mimba: "Mwanangu, nifungulie lile sanduku." Hapo msimuliaji anajikatiza. Kabla hajasema mle sandukuni mlikuwa na nini, ndugu abiria, lazima mjue huyo kitinda mimba alikuwa ametoka Makambako, kwa mama muuza vitunguu. Mama naye ana mkasa wake: sukari, macho yanafifia, nauli ya kwenda hospitali imechangwa na majirani. Naye anaachwa kwenye benchi, akisubiri kuitwa na daktari. Kisha unaingia mkasa wa tatu, wa kijana aliyekaa naye kwenye benchi hilo, na ndani yake ndipo chupa inapotajwa, kwa sauti ya kawaida kabisa: akanywa kijiko asubuhi, kijiko jioni, mwili ukatulia. Kabla ya Igurusi, noti zimeshaanza kupita mkono kwa mkono.

Huo ni mfano tu, lakini aliyesafiri barabara ile ataitambua sauti. Muuzaji huenda amejifunza kazi yake hukohuko ndani ya mabasi. Hata hivyo, mpangilio anaoutumia umeandikwa na wataalamu wa hipnosisi, yaani ile hali ya mtu kuzama katika jambo moja mpaka mengine yanayomzunguka yanafifia, na maneno anayoambiwa yanapokelewa kwa urahisi zaidi. Anayezama hivyo hajalala. Anasikia vizuri, ila ameacha kukagua.

Jina kubwa katika uwanja huu ni Milton Erickson, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyezaliwa 1901 na kufariki 1980. Alitibu sana kwa visa. Mwaka 1966 alieleza habari za mkulima wa maua aliyekuwa na saratani usoni, mwenye maumivu makali, ambaye hata neno hipnosisi hakutaka kulisikia. Erickson hakubishana naye. Alikaa akamsimulia mche wa nyanya: mbegu inavyotiwa ardhini, mvua inavyoleta utulivu, mche unavyokua pole pole bila haraka. Katikati ya sentensi hizo za shambani alichomeka maneno ya kupumzika, ya kujisikia vizuri, ya kulala usingizi mwema. Mkulima alifuata nyanya, na kwa maelezo ya Erickson maumivu yakapungua. Mwaka 1983 wafuasi wake wawili, Stephen na Carol Lankton, waliandika namna ya kupanga visa kadhaa kwa pamoja: unafungua cha kwanza, unakiacha, unafungua cha pili, unakiacha, katikati unaweka ujumbe wenyewe, kisha unamalizia cha pili, na mwisho unarudi kufunga cha kwanza.

Kwa nini ujumbe uwekwe katikati? Kwa sababu mwanzo na mwisho wa maelezo marefu ndivyo vinavyokaa zaidi kichwani. Cha katikati husahaulika upesi. Ukiulizwa baadaye uliambiwa nini ndani ya basi, utamkumbuka mzee na sanduku. Ile kauli ya kijiko asubuhi na jioni hutakumbuka ilikufikiaje. Utahisi tu kwamba dawa ile "inasaidia", kana kwamba ni wazo lako mwenyewe. Hapa ndipo ninapoiona hatari yote ya mbinu hii. Wazo ulilopewa na mtu mwingine unaweza kulipinga, ila unalodhani ni lako unalitetea.

Kingine ni kiu ya mwisho. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyekuwa Berlin, alitangaza kwamba watu hukumbuka kazi zilizokatizwa kuliko walizomaliza. Waliorudia majaribio yake hawakupata jibu lilelile kila mara. Kilichosimama imara zaidi ni alichokionyesha mwenzake Maria Ovsiankina mwaka uliofuata: mtu aliyekatizwa hutaka kuirudia kazi na kuimaliza, hata bila kuahidiwa chochote. Visa vitatu vilivyo wazi ni madeni matatu kichwani mwa abiria. Anayesubiri kulipwa haondoki, wala hamkatizi msemaji kumuuliza chupa imesajiliwa wapi.

Tena hadithi yenyewe, hata isipokatwa, hulegeza ubishi. Melanie Green na Timothy Brock walionyesha mwaka 2000 kwamba wasomaji waliozama zaidi katika kisa waliona kasoro chache ndani yake, na imani zao zikaelekea upande wa kisa. Kuambiwa kwamba kisa ni cha kubuni hakukubadilisha mambo sana.

Lakini tusimpe muuzaji nguvu asizokuwa nazo. Wapo wanaouza mafunzo ya ushawishi wakidai kwamba visa vilivyopandanishwa hivi humnyang'anya mtu hiari yake. Hilo halijathibitishwa. Kusimulia hadithi ndani ya hadithi si hila kwa asili yake: Alfu Lela U Lela imejengwa hivyo, na mabibi zetu huku nyanda za juu wamelea watoto kwa visa vinavyozaa visa, moto ukiwa katikati na baridi nje. Tofauti ni kwamba bibi hakusanyi pesa kabla ya kumaliza.

Kwa hiyo, ndani ya basi, ngoja mwisho wa mzee wa Tukuyu kwanza. Ukishausikia, au ukiona hauji, muulize muuzaji jambo moja lisilo na hadithi: dawa hii imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa namba gani? Akikujibu kwa kisa cha nne, umeshajibiwa. Na kama uliinunua zamani, ukaacha vidonge vya presha au vya sukari kwa sababu mwili "umetulia", rudi kliniki wiki hii na uende na chupa yenyewe mkononi. Daktari anahitaji kujua umekuwa ukinywa nini, na presha inaweza kupanda bila wewe kuhisi chochote.