Ankara za kila mwezi: programu iandae, mtu aidhinishe

Wateja wangu wengi Nairobi hutoza ada ileile kila mwezi: kampuni za usafi, za ulinzi, mafundi wa mitandao, wenye ofisi za kupangisha. Wote huwa nawawekea ankara za kujirudia kwenye programu ya uhasibu, na wote huwasisitizia jambo moja: programu iandae ankara, lakini idhini ya kuituma ibaki kwa mtu.

Kiolezo, yaani ankara ya mfano ambayo programu huinakili kila mwezi, hukumbuka bei, mteja na kiwango cha kodi cha siku kilipotengenezwa, basi. Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mwenye violezo alilazimika kuvipitia vyote mara mbili ndani ya miezi 9. Siku hizi kosa la namna hiyo lina gharama zaidi, kwa kuwa ankara ikishaingia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), huifuti. Unaisahihisha kwa kutoa krediti noti, yaani hati ya kupunguza au kubatilisha kiasi kilichotozwa.

QuickBooks Online, mojawapo ya programu za uhasibu, hukupa njia tatu: ankara ijitoe yenyewe kwa ratiba, ikukumbushe kwanza, au ikae tu kama kiolezo. Mimi huchagua kukumbushwa. Kwenye Xero, programu nyingine ya aina hiyo, huchagua ihifadhiwe kama rasimu. Asubuhi ya tarehe ya kutoza unafungua rasimu, unazipitia, unatuma. Kwa biashara ndogo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Tarehe ya mwisho nayo watu huipuuza sana. Mkataba ukiisha Juni, kiolezo nacho kiishe Juni. Kisheria VAT huweza kudaiwa tangu ankara inapotolewa, hata kama hujalipwa shilingi, na marejesho (taarifa ya kodi kwa KRA) yanatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara inayoendelea kwenda kwa mteja aliyekwisha kuondoka inakuletea deni la kodi kwa mauzo ambayo hayakuwepo. Ukitoza mwisho wa mwezi, chagua "siku ya mwisho", usiandike 31. Na kwenye maelezo utaje mwezi unaotozwa. Xero inaweza kuujaza yenyewe. Wahasibu wa kampuni kubwa huirudisha ankara isiyo na mwezi, na malipo yako yanachelewa.

Panapowachanganya wengi ni malipo yanapoingia. Chukua ada ya ushauri ya shilingi 50,000. Ongeza VAT 8,000, ankara inasoma 58,000. Mteja anakata kodi ya zuio, sehemu ya kodi yako ya mapato anayoipeleka KRA kwa niaba yako, asilimia 5 ya ada, yaani 2,500. Akiwa pia wakala wa KRA wa kuzuia VAT, anakata asilimia 2 ya ada hiyohiyo, 1,000. Benki inapokea 54,500, na programu inaonyesha bado unadai 3,500. Mwezi unaofuata inakuwa 7,000, na kabla ya mwaka kwisha orodha ya wadaiwa imejaa watu wasiodaiwa kitu.

Usiifute hiyo 3,500, wala usiiingize kama punguzo la bei, maana ni kodi yako iliyokwisha kulipwa. Fungua akaunti mbili upande wa mali, moja ya kodi ya zuio na nyingine ya VAT iliyozuiwa, uifunge ankara kwa kuingiza kila kiasi mahali pake, na uambatishe cheti cha zuio, uthibitisho kwamba kodi ilikatwa, palepale kwenye ankara. Cheti kisipoonekana, mpigie mteja mwezi huohuo, angali anaikumbuka ankara yenyewe.